Kiganja Kishuke Mdomoni: Mwongozo wa Kujikubali kwa Mkristo wa Chini ya Mlima Meru

Katika darasa la kipaimara nililosaidia kufundisha upande wa Tengeru alikuwapo kijana aliyecheka huku ameziba mdomo. Wenzake wakianza kucheka, kiganja chake kilikuwa kimeshapanda. Nilidhani ni adabu ya kwao, mpaka siku nilipogawa biskuti nikamwona anageukia ukutani ili ale. Meno yake yalikuwa ya kahawia yenye madoa, kama ya wengi wetu tuliolelewa na maji ya mlima huu. Katekisimo aliijua yote kwa moyo. Ukimuuliza ubatizo ni nini, anajibu bila kupepesa. Nilipomuuliza yeye ni nani, akanyamaza.

Kimya kile ndicho kimenifanya niandike mwongozo huu. Nauandika kwa ajili ya vijana, ingawa watu wazima wa Sakina, Njiro na Ngaramtoni wanaoziba midomo yao kwa namna nyingine ni wengi kuliko wanavyokiri. Hatua zake hazihitaji fedha nyingi, ila daftari, nauli ya hiace na wiki kadhaa. Usizifanye zote kwa siku moja. Anayejaribu kujijua kwa siku moja huishia kuandika statasi ya WhatsApp.

Hatua ya kwanza: andika majina yako yote

Fungua ukurasa mpya. Andika jina la ubatizo, la nyumbani, la ukoo, la shule, la utani, na lile unalotumia mtandaoni. Andika hata yale usiyoyapenda, hasa hayo. Mbele ya kila jina andika nani alikupa.

Utashangaa. Walutheri wa Meru na Kilimanjaro wana desturi ya majina ambayo tumeizoea mno hata hatuioni: Elifuraha, Elirehema, Elibariki, Eliamani, Elineema. Eli ni neno la Kiebrania lenye maana ya Mungu wangu, na kilichounganishwa nalo ni Kiswahili cha kila siku. Ina maana kwamba kuna bibi au babu fulani, huenda hakumaliza darasa la nne, aliyekaa na kichanga mapajani akakitungia jina kwa kushona lugha mbili pamoja. Halafu mjukuu anafika mjini, anaona jina hilo la kishamba, anajiita Eli tu, au Elly kwa y ili lipendeze.

Upande wa Waarusha mambo ni hayohayo. Nilikutana na Lomayani mmoja pale Kilombero ambaye kwenye simu yake anaitwa Brayan. Lomayani ni jina lenye neno la Kimaa la baraka ndani yake. Kwa hiyo yeye na Elibariki wa Poli wanaitwa karibu kitu kimoja, kila mmoja kwa lugha ya mama yake. Naserian naye amebeba amani. Kabla hujalificha jina, lifungue kwanza uone lina nini ndani.

Hatua ya pili: nenda kwa aliyekupa jina

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka. Wanaona ni rahisi kusoma kitabu kuliko kupanda mlima kumwamkia bibi. Panda. Usiende mikono mitupu; kilo ya sukari na majani ya chai vinatosha. Msalimie kama inavyostahili, kaa, kula kilichopo, na ikiwa ni loshoro, usiseme umeshiba.

Kisha uliza maswali matatu, moja moja, na uvumilie vimya vya katikati. Nilizaliwa wakati gani, kulikuwa na nini nyumbani? Nani alichagua jina langu, na alikuwa anamwambia Mungu nini? Nani alisimama nami siku ya ubatizo? Swali la tatu lina uzito wake, maana baba au mama wa ubatizo aliahidi kitu mbele ya kanisa kwa niaba yako, na wengi wetu hatujawahi kwenda kumuuliza ahadi ile imefikia wapi.

Yawezekana utasikia jambo zito. Kwamba ulizaliwa nje ya ndoa na ubatizo wako ukacheleweshwa, au kwamba jina lako ni la mtoto aliyetangulia kufa. Liandike kama lilivyo. Kama wazazi hawapo tena, mtafute shangazi au mzee wa kanisa wa mtaa, au uombe ofisi ya usharika au parokia ikutazamie kitabu cha ubatizo. Mstari mmoja wa wino wenye jina lako na tarehe unaweza kumshika mtu kuliko mahubiri ya saa nzima. Nimeona mwanamke wa miaka 50 akiugusa mstari huo kwa kidole, polepole, kama anayesoma kwa mara ya kwanza.

Hatua ya tatu: ujue mlima uliokulea

Kijana wa Chuga, yaani Arusha, husema kwa kifua kwamba yeye ni Mmeru kamili, au Mwarusha halisi, kana kwamba makabila haya yalishuka mbinguni yamefungashwa. Historia inacheka kidogo. Masimulizi ya Wameru yanasema wazee wao walitoka Usambara, na lugha yao ni ndugu wa Kichagga cha Machame. Waarusha walifika miteremko hii kutoka Arusha Chini katika miaka ya 1830, wakawa wakulima wanaosema Kimaa. Wameru nao wakachukua mfumo wa rika kwa majirani zao hao. Kila mmoja amemvaa mwenzake. Siandiki haya ili kumpunguzia mtu kabila lake, ila ajue lina milango.

Imani yetu nayo haikuingia hapa kwa mlango safi. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga hema Akeri. Waliuawa usiku, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Kapteni Johannes wa Wajerumani akaja kulipiza kisasi. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wengi wakafa. Miaka sita baadaye, 1902, misheni ikaanzishwa Nkoaranga, na 1904 nyingine Ilboru. Waliokuja kubatizwa huko walikuwa watoto wa kizazi kilichoona moshi ule.

Siku moja ya wiki panda njia inayoacha barabara kuu ya Moshi kuelekea Nkoaranga, katikati ya migomba na kahawa, ukakae uwanjani pa kanisa nusu saa. Usipige picha kwanza. Jiulize waliokaa hapo walimsamehe nani, na nani aliwasamehe wao. Mkristo wa Meru hana sababu ya kuona haya kwamba babu zake walikuwa na mikuki, wala ya kujifanya kwamba waliokuja na Biblia hawakutanguliwa wala kufuatwa na bunduki. Yote mawili ni yake. Ukiweza kukaa na historia yenye damu bila kuikana, utajifunza namna ya kukaa na historia yako ndogo ya nyumbani.

Ukipenda kuendelea, uliza wazee kuhusu Engare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwatoa Wameru kule kwa nguvu ili kuwapisha walowezi, na 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake. Na kama una ujasiri, uliza pia mgogoro wa kanisa wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, uliotangulia kutambuliwa kwa Dayosisi ya Meru. Ndugu wa tumbo moja waliacha kusalimiana kwa sababu ya upande. Wengine hadi leo, ukiwauliza wao ni akina nani, watakutajia kwanza upande ule.

Hatua ya nne: tenga kinachotibika na kisichotibika

Rudi kwenye daftari. Upande wa kushoto andika unachokificha mwilini au maishani mwako. Kulia andika kama kinaweza kubadilika, na kwa njia ipi ya halali. Hapa nitakaa kidogo na meno, kwa sababu ndiyo siri ya wazi ya mji huu.

Maji mengi ya miteremko ya Meru yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya huku, hasa upande wa Ngarenanyuki, vinapita hapo kwa mbali. Floridi huharibu jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, utotoni. Jino linapotokeza, rangi imeshaingia. Kwa hiyo si uchafu, si uvivu wa kupiga mswaki, wala si laana ya ukoo, kama nilivyosikia mtu mmoja akihubiri. Kusugua kwa mchanga, majivu au ndimu kunakula jino lenyewe. Daktari wa meno anaweza kusafisha au kufunika madoa ikiwa gharama unaimudu, na kufanya hivyo si dhambi wala si ukosefu wa imani. Kwa watoto wako, kinga maji ya mvua kwenye simtanki au tafuta maji yaliyochujwa floridi. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa kwa miaka mingi. Kuchemsha hakusaidii. Na punguza magadi kwenye makande, maana nayo yana floridi.

Umeona nilivyofanya? Jambo lililokuwa aibu limekuwa jambo la maji. Sehemu kubwa ya aibu zetu hupungua zikiitwa kwa jina lake. Mkorogo wa kujichubua unaouzwa kwa kunong'onezana sokoni unaishi kwa sababu hatujalitaja jambo lake: mtu ameambiwa tangu utoto kwamba weusi wake ni kosa linalohitaji kusahihishwa. Hapo safu ya kulia ibaki tupu. Rangi yako si ugonjwa, na dawa ya ngozi isiyo na ugonjwa huleta ugonjwa.

Yatakuwapo pia yasiyo ya mwili: umefeli kidato cha nne, umeachwa, umezaa kabla ya ndoa, baba alikukana. Mengine yanatengenezeka kwa kuomba msamaha au kurudi shule. Mengine yameshatokea, basi. Yawekee alama, tutayarudia.

Hatua ya tano: soma visa vitatu kwa siku ishirini na moja

Kila kisa wiki moja, kila asubuhi kabla ya kushika simu. Kisome kwa sauti, kwa Kiswahili na, ukiweza, kwa Kirwa, yaani Kimeru, au Kimaa. Lugha ya nyumbani hupenya pale Kiswahili cha ibada kinapoteleza.

Wiki ya kwanza, Mwanzo 32. Yakobo anashindana usiku kucha na mtu asiyemjua kando ya kijito cha Yaboki, na anapoomba baraka anaulizwa jina lake. Swali dogo, lakini kumbuka: mara ya mwisho alipoulizwa yeye ni nani akiwa anatafuta baraka, mbele ya baba yake kipofu, alisema ni Esau. Safari hii anasema Yakobo. Baraka inakuja baada ya hapo, na anaondoka akichechemea. Jiulize ni Esau gani unayejifanya.

Wiki ya pili, Mathayo sura ya 3 yote na mwanzo wa sura ya 4. Yesu anatoka majini Yordani, sauti inamtaja kuwa mwana apendwaye. Angalia mpangilio. Hajaponya mtu, hajahubiri, hajalisha umati. Sifa yote aliyo nayo ni kwamba amejipanga foleni na wenye dhambi. Halafu jangwani mjaribu anaanza na neno moja tu, ikiwa, akimtaka athibitishe kwa mikate kwamba yeye ndiye aliyetajwa. Yesu anakataa kuthibitisha. Ningekuwa na kipindi kimoja tu cha kufundisha kipaimara, ningefundisha hapa. Maisha yetu mengi ni kujibu ile ikiwa: ikiwa wewe ni mwanamume, jenga; ikiwa wewe ni mzuri, weka picha; ikiwa umebarikiwa, gari liko wapi? Ubatizo ulikutaja mtoto ukiwa unalia na huna hata jino moja la kuziba.

Wiki ya tatu, Luka 19, Zakayo juu ya mkuyu. Mikuyu tunayo, kwa hiyo huna haja ya kufikiria sana. Mtu mfupi, tajiri, asiyependwa, amejificha kwenye majani, na anayepita chini anamwita kwa jina lake mbele ya umati unaomjua kwa makosa yake. Kurudisha fedha za watu kunakuja baada ya kuitwa. Yale uliyoyawekea alama katika hatua ya nne yalete hapa.

Kila asubuhi, kabla ya kusoma, jifanyie ishara ya msalaba. Najua Mlutheri wa Akeri atasema hayo ni ya Wakatoliki. Ni Luther mwenyewe aliyeielekeza katika Katekisimo Ndogo ya 1529, katika sala ya asubuhi. Fungua kitabu chako uone.

Hatua ya sita: mwambie mtu mmoja

Mmoja, si kundi. Mchungaji, padri, mwinjilisti, mama wa jumuiya, mzee wa kanisa asiyebeba maneno. Kipimo changu ni hiki: msikilize anavyozungumza juu ya watu wasiokuwapo. Akizitaja siri za wengine mbele yako, zako nazo zitatajwa.

Msomee ukurasa mmoja wa daftari lako, halafu mwombe akuombee kwa jina lako la nyumbani. Inatosha kwa siku hiyo.

Ila kama hulali kwa wiki nyingi, chakula hakipiti, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda hospitali pia, na usiende peke yako. Mount Meru ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kanisa lenyewe lina hospitali zake, Nkoaranga na Selian. Mchungaji anayekuambia uchague kati ya maombi na daktari hajakusaidia.

Hatua ya saba: chambua mila kama unavyochambua mchele

Kujikubali hakuna maana ya kubeba kila kilichokuwa nyumbani. Weka mezani: heshima kwa rika, baraka ya wazee, namna ya kusuluhisha ugomvi, nyimbo, shuka na shanga. Vingi vya hivyo vinaweza kuingia kanisani vikakaa mstari wa mbele. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyeishi Old Moshi miaka mingi, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo vya kujengea kanisa juu yake. Alizidisha mahali fulani, lakini alikuwa ameona kitu.

Ukeketaji ni jiwe katika mchele. Sheria ya 1998 ilifanya kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na binti aliyeambiwa hajakamilika mpaka akatwe ameambiwa kinyume cha yote yaliyosemwa Yordani. Jiwe jingine ni kumwita mtoto wa kike mtu wa nyumba nyingine.

Hatua ya nane: kaa mbali na wauza majina

Arusha ina wahubiri wa kila aina, na wengine ni watu wa Mungu kweli. Lakini mtu akikuambia kwamba jina la ukoo wako lina mkosi na litaondolewa kwa sadaka maalumu, au kwamba hujui wewe ni nani mpaka ununue mafuta yake, chukua begi lako uondoke kistaarabu. Mwaka 2011 tuliona magari yakipita mjini hapa usiku na mchana kwenda Samunge kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Yeye alitoza shilingi 500 tu kwa kikombe cha dawa yake, na bado wako waliokwenda wakiwa wameacha dawa zao nyumbani. Fikiria wanaotoza zaidi.

Hatua ya mwisho: ingia kwaya

Nasema kweli. Kama huna sauti, ingia hivyohivyo. Kwaya zetu zimebeba wasio na sauti tangu zamani, na besi hukosa watu kila mwaka. Nimejaribu njia nyingi za kumfanya mtu asijifiche na sijaona inayoishinda hii. Utasimama katikati ya wanaojua kwenu na wanaokujua kwa dhambi zako, mmeshika karatasi moja watu wawili, na mwalimu atagonga meza akisema hasikii maneno.

Yule kijana wa biskuti alikwenda. Wiki mbili za kwanza aliimba na karatasi usoni. Ya tatu mwalimu, mama mmoja mkali wa Patandi asiyejua lolote kuhusu meno wala daftari, akamnyang'anya karatasi mbele ya wote, akamwambia, "Mwanangu, wimbo unaujua. Fungua mdomo."

Mazoezi ya usharika wetu ni Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni. Ya kwenu uliza kwa katibu. Viti vya mbele havigombewi.